Karatasi za Watu ni Amana

 

Wiki hii nimeletewa swali na mama mmoja aliyezaliwa huku pwani na kuolewa Lorugum, katika kaunti ya Turkana, ambako yeye na mumewe wana duka. Binti yao anasoma chuo kikuu katika jimbo la Minnesota, Marekani, na sasa amekubaliwa kuanza uanagenzi, yaani kazi ya kujifunzia, katika ofisi ya mjumbe wa bunge la jimbo hilo mjini St. Paul.

Mama huyu anauliza mambo mawili. La kwanza, je, yafaa binti wa Kiislamu kuhudumu katika ofisi ya mtunga sheria asiyekuwa Mwislamu, katika nchi isiyokuwa yake? La pili ndilo linalomnyima usingizi. Habari zilipoenea tu, watu walianza kuja dukani na karatasi. Wako wenye jamaa katika kambi ya Kakuma ambao wamesubiri safari ya Marekani kwa miaka mingi. Wanataka nambari za faili zao zitumwe kwa binti ili "azisukume". Mmoja aliacha bahasha yenye pesa juu ya kaunta. Mama aliirudisha siku ile ile, lakini tangu hapo anajiuliza kama hakumvunja moyo mtu mwenye dhiki, na kama binti yake hatahesabiwa kuwa mtu aliyepanda juu akawasahau wa chini.

Nitaanza na swali la kwanza, kwani jibu lake lina njia iliyokwisha kupitwa na walio bora kuliko sisi.

Kabla ya kupewa utume, Mtume wetu alihudhuria mapatano yaliyofanywa Makka katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an. Mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen alikuwa amedhulumiwa mali yake na mkubwa mmoja wa Makureshi, akakosa wa kumtetea. Baadhi ya watu wa mji wakaapa kusimama pamoja na kila mwenye kudhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Mapatano hayo yaliitwa Hilf al-Fudul. Walioyafanya hawakuwa Waislamu, kwani Uislamu ulikuwa bado haujatangazwa. Hata hivyo Mtume baadaye aliyataja kwa kheri, na akaeleza kwamba lau angeitwa tena kwa jambo kama lile angeitika. Na Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alisimamia hazina ya nchi chini ya mfalme asiyekuwa wa dini yake. Alipoomba kazi ile alijieleza kwa sifa mbili: kuhifadhi na kujua. Hakutaja nasaba wala jamaa.

Kwa hivyo kuhudumu kwenyewe hakuna ubaya, ikiwa kazi ni ya kuwafikishia watu haki zao. Sharti ni kwamba binti asiwe mkono wa dhuluma wala kalamu ya haramu. Akitakiwa kuandika maneno ya kutetea jambo ambalo dini yake imelikataza, aseme kwa upole na mapema kwamba hilo hawezi, apewe kazi nyingine. Ofisi nyingi humheshimu mtu mwenye mpaka unaojulikana kuliko anayekubali kila kitu kisha akanung'unika pembeni.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, kwa sababu nusu ya fitina katika mambo haya huzaliwa na kutojua.

Wakazi wa Lorugum wanaijua thamani ya ofisi ya mbunge kuwa karibu. Kabla ya uchaguzi wa 2013, Turkana yote, pamoja na upana wake, ilikuwa na maeneobunge matatu tu: Kaskazini, Kati na Kusini. Baada ya mipaka kuchorwa upya yakawa sita, na Loima, ambayo Lorugum ni makao yake, ikapata mbunge wake. Mtu aliyekuwa akifuata fomu ya basari hadi mbali alipunguziwa safari. Pia wanajua kwamba mbunge wa Nairobi na mwakilishi wadi wa Lodwar si mtu mmoja. Mwakilishi wadi hukaa katika bunge la kaunti. Hana sauti juu ya pasipoti wala jeshi. Anayetaka pasipoti akienda kwake atapewa pole tu.

Marekani ni vivyo hivyo. Lipo bunge la taifa, Congress, lililoko Washington, na kila jimbo lina bunge lake. La Minnesota lina wajumbe 201, yaani 67 katika Seneti na 134 katika Baraza la Wawakilishi, na vikao vyake vikuu kwa kawaida huanza Januari au Februari na kukoma Mei. Bunge hilo hutunga sheria za shule, barabara, leseni za kazi, haki za wapangaji na mengine ya jimbo. Viza, uhamiaji na kupokea wakimbizi ni mambo ya serikali ya taifa. Hata mjumbe wa Congress, anayeweza kuiuliza idara ya taifa kuhusu faili ya mkazi wake, hawezi kufanya hivyo mpaka mwenye faili atie saini ya kukubali habari zake zifunguliwe. Na kuuliza kwake si kuamua.

Basi tazameni mahali alipo binti huyu: ni mwanagenzi, katika ofisi ya mjumbe wa jimbo. Atapokea simu na kuandika aliyepiga amelalamikia nini. Atapanga barua, atafupisha miswada, atakaa katika vikao vya kamati akinukuu, atawaongoza wageni ukumbini. Ni kazi njema na yenye mafunzo. Lakini mlango wa Kakuma haumo katika ofisi hiyo, hata kwa ufunguo wa dhahabu.

Naliandika hili kwa uzito kwa sababu najua Kakuma ni nini kwa watu wetu. Kambi ile ilianzishwa mwaka 1992, kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar. Wengi wa pwani hudhani ni mahali pa mbali pasipowahusu. Tusisahau kwamba vita vya Somalia vilipoanza, ndugu zetu wakiwemo watu wa Barawa, wanaosema lugha iliyo dada ya Kiswahili chetu, walifikia hapa hapa Mombasa, na kambi zikafunguliwa Utange na kwingineko. Kambi za pwani zilipofungwa katika miaka ya 1990, miongoni mwao wako waliohamishiwa Kakuma. Waliotoka pepo za bahari wakaenda kuishi katika vumbi la Turkana. Kwa hivyo wale wanaokuja dukani na karatasi si wageni kwetu.

Na katika kambi hizo zilianza safari mbili ambazo binti yetu yafaa azijue, kwani zote mbili ziliishia Minnesota.

Ya kwanza ni ya Ilhan Omar. Alizaliwa Mogadishu mwaka 1982, akakaa miaka minne katika kambi ya Utange akiwa mtoto, kisha familia yake ikaingia Marekani mwaka 1995. Alipokuwa kijana alimfuata babu yake katika mikutano ya chama mjini Minneapolis ili amtafsirie. Kabla ya kuchaguliwa popote alikuwa msaidizi wa mjumbe wa baraza la mji huo, akishughulika na sera kwa niaba ya mtu mwingine. Mwaka 2016 alichaguliwa katika bunge la jimbo, lile lile ambalo binti wa Lorugum anakwenda kujifunzia, na mwaka 2018 akachaguliwa katika Congress. Huko kulikuwa na kanuni ya tangu 1837 iliyokataza kuvaa kitu kichwani ukumbini. Januari 2019 kanuni hiyo ilirekebishwa, naye akaingia na mtandio wake. Simtaji ili kila alisemalo katika siasa lifuatwe. Mwanasiasa hupimwa kwa kila neno na kila kura. Namtaja ili tuone kwamba alianza kwa kutafsiri na kuandikia wengine, na kwamba mtandio haukumzuia.

Ya pili ni ya Halima Aden. Yeye alizaliwa Kakuma yenyewe mwaka 1997, akapelekwa Marekani akiwa mtoto, akakulia mji wa St. Cloud. Mwaka 2016 alisifika kwa kushiriki mashindano ya urembo ya Minnesota akiwa amevaa hijabu, kisha kazi ya mitindo ikampeleka nchi nyingi. Hayo ya mashindano sisi hatuyaoni kuwa ya kuigwa. Lakini mwaka 2020 alifanya jambo lenye mafunzo: aliacha maonyesho hayo, akieleza hadharani kwamba kazi ilimsogeza hatua kwa hatua mbali na hijabu aliyoingia nayo.  Ililegezwa leo kidogo, kesho kidogo. Hivyo ndivyo kazi nyingi zimbadilishavyo mtu, na mlinzi wa kwanza ni yeye mwenyewe kujua alipoanzia.

Kwa sababu hiyo binti na apange mambo yake kabla ya siku ya kwanza. Lorugum iko karibu na ikweta, na nyakati za swala hazibadiliki sana mwaka mzima. St. Paul si hivyo. Mwezi wa Januari jua huzama karibu na saa kumi na moja jioni, na Alasiri huingia kabla ya saa tisa. Maana yake Adhuhuri na Alasiri zote mbili humkuta kazini, na Magharibi humkuta akitoka. Amwambie msimamizi wake mapema: nahitaji dakika chache mara mbili kwa siku na pembe iliyo safi. Aseme pia kwamba hapeani mikono na wanaume na kwamba hakai faragha na mwanamume mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Yakisemwa mwanzoni kwa uso mkunjufu huwa ni utaratibu. Yakisemwa baada ya miezi miwili huonekana ni malalamiko. Na kwa kuwa yuko huko kwa viza ya masomo, asianze kazi yoyote nje ya chuo, hata isiyo na mshahara, kabla ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake kumthibitishia kwamba ana idhini. Kutimiza masharti ya nchi uliyoingia kwa ahadi ni katika kutimiza ahadi.

Sasa lile la pili, la karatasi na bahasha.

Mtume alimtuma mtu mmoja, Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume alikasirika, akapanda mimbari, akauliza kwa maana hii: kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake, tuone kama zawadi hizo zingemfuata? Kipimo hicho hakijachakaa. Ile bahasha iliyowekwa kwenye kaunta isingewekwa lau binti angekuwa hajapata nafasi ile. Kwa hivyo haikuwa zawadi, na mama aliyeirudisha alimwokoa mtoaji, akajiokoa yeye na mwanawe. Wazee wa pwani walisema penye udhia penyeza rupia. Huo ni msemo wa waliochoka na milango iliyofungwa; haukuwa kamwe hukumu ya dini.

Lakini kurudisha bahasha ni nusu ya wajibu tu. Mwenye dhiki hatulizwi kwa kukataliwa pesa zake. Hutulizwa kwa kuambiwa ukweli. Na ukweli wa leo ni mchungu. Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na Juni mwaka huo ikazuia raia wa nchi kadhaa kuingia, Somalia ikiwa mojawapo. Watu waliokuwa wamebakiwa na hatua chache walirudishwa katika kusubiri. Wakati kama huo ndipo matapeli huneemeka. Mtu atauza mbuzi zake, atakopa, atatoa dhahabu ya arusi ya mkewe, ampe yule anayedai kujua mtu ndani. Mama akinyamaza tu, jina la binti yake litatumiwa na wengine hata kama yeye hajui.

Basi nakushauri, dada yangu, useme hivi kwa kila atakayekuja, tena mbele ya watu: "Mwanangu anajifunza kazi katika ofisi ya jimbo, na ofisi hiyo haina neno juu ya safari za wakimbizi. Hatupokei karatasi wala pesa. Mambo ya kupelekwa nchi ya tatu hushughulikiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi na serikali zinazohusika, na huduma hiyo haiuzwi. Atakayekuomba pesa, awe amejitaja kwa jina letu au la mwingine, anakuibia." Ukisha kusema hayo, mkaribishe maji, mwulize habari za wanawe, na ikiwa ana njaa mpimie unga kwa nia ya sadaka. Hapo utakuwa hukumfukuza. Udugu ni kufaana, na kumzuia mtu asiibiwe ni kumfaa kukubwa.

Na hata kama binti angekuwa katika ofisi yenye kauli juu ya mambo hayo, bado isingemfalia kulitanguliza faili la jirani wa mama yake. Kila faili katika rundo lile lina mtoto anayelala na mama anayesubiri. Kulivuta moja juu ni kulisukuma jingine chini, na mwenye lile la chini hatujui jina lake, lakini Mola wake anamjua.

Liko jambo jingine ambalo mama hakuliuliza, nami naliona ndilo litakalomjaribu zaidi. Mwanagenzi katika ofisi kama ile husikia mambo. Mwanamke hupiga simu akilia kwamba mwenye nyumba anataka kumtoa. Baba huandika juu ya maradhi ya mwanawe. Katika Minnesota, ambako Waafrika Mashariki ni wengi, huenda mmoja wao akawa ni mtu wa ukoo unaojulikana Lodwar au Mombasa. Jioni binti atampigia mama simu, na mama, kwa mapenzi, atauliza: leo kulikuwa na nini kazini?

Anas bin Malik alikuwa mtoto alipoanza kumtumikia Mtume. Siku moja Mtume alimtuma haja, akachelewa kurudi nyumbani. Mama yake, Ummu Sulaym, akamwuliza kilichomchelewesha. Akasema ametumwa na Mtume. Akamwuliza: haja gani? Mtoto akajibu kwamba ni siri. Mama yule hakununa, wala hakumwambia kwamba mama hafichwi kitu. Alimwambia asimhadithie mtu yeyote siri ya Mtume. Anas aliishi akawa mzee sana, na siri ile hakuitoa.

Tunamsifu Anas kwa kuhifadhi siri, na ni haki yake. Lakini nani alimjenga? Ni mama aliyekubali kutoambiwa. Hilo ndilo somo kubwa la safari hii kwa wazazi. Tunawaombea watoto wetu wafike katika ofisi za wakubwa, kisha wakifika tunakuwa wa kwanza kuwaharibia kazi: tunataka habari, tunataka upendeleo, tunataka namba ya simu ya bosi. Mtoto anayeanza kwa kumpa mama yake habari ndogo isiyokuwa yake hujizoeza kumpa rafiki kubwa zaidi, na siku moja kuiuza.

Maneno haya si ya Lorugum peke yake. Hapa Mombasa, Kilifi, Lamu na Kwale tunao vijana katika ofisi za wabunge na za bunge za kaunti. Wengine ndio wanaopokea fomu za basari. Kila mwaka yuko yatima ambaye fomu yake iliwekwa chini kwa sababu binamu ya karani alipiga simu usiku. Mzazi uliye na mtoto katika meza kama hiyo, usimwulize utatupatia nini. Mwulize: leo umemsaidia nani asiyekuwa na mtu? Akikujibu kwa kicheko na kukuficha jina, mshukuru Mwenyezi Mungu, kwani huyo ameiva.

Ewe Mola wetu, wahifadhi watoto wetu walio mbali, wape elimu yenye manufaa, nyoyo zenye kuogopa haki za watu na ndimi zenye kujizuia. Wafungulie njia wote wanaosubiri Kakuma na kwingineko, na utukinge sisi na wao na pesa isiyo na baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.